Kapteni wa Mbeta Kumi na Mbili

Jumatatu, 2 Machi 1953

Mvua tangu alfajiri. Nyumba inavuja mahali patatu. Mke wangu Tabea ametega sufuria mbili na beseni. Mtoto wetu Enoki anakohoa. Tabea alinitazama mimi, akalitazama paa la nyasi, akanitazama tena. Nikaondoka mapema kwenda kazini.

Kazini, habari kubwa! Bwana Soksi alitukusanya sote wa kitalu cha miwati, miti ambayo magome yake huuzwa. (Jina lake halisi halitamkiki. Soksi zake zinafika magotini, basi.) Mimi nilisimama kando yake kama mkalimani, kwa kuwa mimi ndiye karani wa kuhesabu miche na hapa hakuna mwingine aliyemaliza darasa la nane. Alisema mzee Tarsis, mnyapara wetu, anastaafu mwisho wa mwezi na kurudi kwao Lupembe. Atakayeshika nafasi yake atapewa na nyumba. Nyumba ya bati! Vyumba vitatu, sakafu ya saruji.

Kisha akaeleza kwa kirefu kwamba huko kwao viongozi hupikwa katika uwanja wa mpira. Ameleta kombe kwa ajili ya sherehe za kutawazwa Malkia mwezi wa Juni. Lakini Juni hapa Njombe ukungu ni mzito hata golikipa hajui lango lake liko wapi, kwa hiyo tutacheza mapema, Jumamosi ya tarehe 14, huko Makambako, dhidi ya timu ya huko. Atakuwepo. Atatazama nani ana moyo wa kuongoza, na huyo ndiye atakayekuwa mnyapara.

Ilikuwa ndefu mno. Nikatafsiri kwa ufupi kwamba kapteni atakuwa mnyapara.

Nimeamua. Kapteni nitakuwa mimi. Ni kweli sijagusa mpira tangu shuleni, na siku ya mwisho niliupiga ukaingia katika kabichi za mwalimu. Lakini uongozi hautoki mguuni, unatoka hapa kichwani. Nimenunua daftari hili niandike masomo yangu ili wengine waje kufaidika.

Somo la kwanza: kiongozi hangoji kuchaguliwa, hujipanga achaguliwe.

Jumatano, 4 Machi

Uchaguzi wa kapteni leo, baada ya kazi. Hali ilikuwa mbaya. Watu wote walimtaka Yonathani.

Huyu Yonathani ni Mkinga, ametoka Makete mwaka juzi, mchimba mashimo ya miche. Anacheza bila viatu. Mtu akianguka humwinua, hata kama ni wa upande mwingine. Anawajua watoto wa kila mtu kwa majina. Sijui anatafuta nini.

Nikatoa hoja yangu. Nikasema Bwana anataka orodha ya wachezaji kwa Kiingereza, na kanuni za mpira za dunia nzima zinasema anayeandika orodha ndiye kapteni. Tena nikakumbusha, kwa upole tu, kwamba mpira ni mmoja, pampu ni moja, na vyote vimefungiwa katika stoo ambayo ufunguo wake ninao mimi.

Filemoni, golikipa wetu, alianza kusema jambo, lakini Yonathani akamwahi.

"Sawa, karani," alisema. "Sisi tutacheza kwa miguu, wewe utaandika."

Wakacheka. Nikacheka nao, kwa kuwa nilikuwa nimeshinda. Tabea nilipomweleza aliuliza Yonathani alisema nini hasa. Nikamwambia ameniunga mkono.

Somo la pili: mwenye ufunguo wa stoo hahitaji kupiga chenga.

Ijumaa, 6 Machi

Mazoezi ya kwanza. Nilianza na hotuba juu ya nidhamu. Nilipofika nusu ukungu ulishuka, nikawa nahutubia watu ambao siwaoni. Ulipoondoka niliwakuta watatu. Wengine walikuwa upande wa pili wanacheza na Yonathani.

Nikajipanga senta fowadi, mahali panapoonekana vizuri. Shuti langu la kwanza lilikuwa na nguvu sana. Uwanja wetu una mteremko, na chini ya mteremko ni shamba la viazi la Mama Dorika. Mpira ukateremka, watu sita wakateremka nao, na matuta mawili ya viazi hayakubaki matuta.

Mama Dorika alitokea na jembe. Alitusalimu kamwene, tukajibu kamwene, kisha akaukalia mpira. Kabisa, alikaa juu yake kama kigoda. Akasema hapa kwetu aliyeharibu shamba la mtu hurudisha kwa mikono yake, na mpira utatoka matuta yatakapopaliliwa yote. Si yale mawili tu. Yote!

Nikaamuru timu ipalilie. Mimi nilisimama ukingoni kuelekeza, kama kapteni. Nilielekeza vizuri sana, saa nzima, nani aanzie wapi na jembe lishikweje. Yonathani alikuwa katikati ya matuta akianzisha wimbo wa Kikinga, na hata Wabena wetu ambao hawajui neno lake moja wakaitikia.

Kazi ilipoisha nikanyosha mkono kupokea mpira. Mama Dorika akatazama magoti yangu. Yalikuwa safi. Akampa mpira Yonathani, na juu yake akampa kikapu cha viazi agawe.

Yonathani aligawa. Mimi nilipata viwili, vidogo. Inaelekea kugawa hakumudu.

Somo la tatu: kiongozi akiona kazi ya matope, asimame mahali pakavu apate kuiona yote.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepata mpango! Sikulala vizuri kwa furaha, na pia kwa sababu kitanda kimelowa. Sasa panavuja mahali panne.

Habari za Makambako si nzuri. Kapteni wao ni Anyisile, utingo wa malori, Mnyakyusa mwenye mapaja mazito kama magogo. Wenzake ni watu wa kupakia na kupakua mizigo pale njia panda. Kwa mpira hatuwawezi. Kwa akili tunawaweza.

Huu ni msimu wa ulanzi, kinywaji cha mianzi. Baba mdogo Abrahamu ana mianzi mingi kuliko mtu yeyote upande huu, na kila asubuhi anakata ncha na kukinga maji yake katika mbeta, vile vipande vya mwanzi vilivyoning'inia. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu kama sukari, hata mchungaji hunywa na kushukuru. Ule uliokaa siku mbili ni mwingine kabisa. Mtu aliunywa mwaka jana akaenda kumposa mke wake mwenyewe.

Basi: mbeta sita za mkali tutawapa Makambako kama zawadi ya wageni. Nani atakataa zawadi? Mbeta sita za mbichi ni za timu yangu, za kuongeza nguvu. Wao watalegea, sisi tutachangamka. Kombe letu, nyumba yangu.

Baba mdogo amekubali. Alirudia mara nyingi jambo moja kuhusu ule mbichi, kwamba utumike kabla jua halijapanda na usiwekwe penye joto. Wazee hupenda kusema. Sikuliandika.

Somo la nne: mshinde mpinzani kabla hajavua shati.

Alhamisi, 12 Machi

Matayarisho. Mbeta zote zinafanana, kwa hiyo nimeandaa uzi mwekundu kwa mkali na uzi mweupe kwa mbichi. Mtu wa kawaida asingefikiria hilo.

Njumu nimeazima kwa mzee Tarsis. Ni kubwa, nimejaza maganda ya mahindi mbele. Nikitembea zinachakarisha.

Jioni Tabea alikuwa anamsugua Enoki kifua kwa mafuta. Mtoto amekohoa wiki ya pili sasa. Aliniuliza bila kugeuka, "Na ukiikosa hiyo nyumba?"

Nikamwambia siwezi kuikosa, nina mpango. Akasema aliolewa na mipango yangu sita, na paa ni lilelile. Alikuwa anasema kweli. Mvua ya mwaka jana niliahidi kuezeka upya nikaenda kuanzisha biashara ya kufuga nyuki katika mapipa. Niliona aibu. Nilitoka nje nikasimama mvuani kidogo, maana nje na ndani ilikuwa karibu sawa. Sitaki jambo jingine lolote duniani ila mtoto huyu alale pakavu.

Leo sina somo.

Jumapili, 15 Machi

Sikwenda ibadani. Kichwa. Nitaandika ya jana yote, kwa haki, bila kumwonea mtu.

Tuliondoka saa moja asubuhi kwa lori la shamba. Mimi mbele na dereva, kama kapteni. Wachezaji nyuma na mbeta kumi na mbili. Kwa usalama nikaagiza zile nyeupe ziwekwe mbele kabisa, zikiegemea kibanda cha dereva pale panapotoka joto la injini, na zifunikwe turubai zisimwagike. Nilifikiria kila kitu.

Kabla ya kufika Mtwango lori likazama matopeni hadi ekseli. Saa tatu hiyo. Jua likatoka, kali. Wachezaji wakashuka kusukuma. Mimi nilibaki ndani ili dereva asijisikie mpweke, nikala kiazi. Niliwasikia. Yonathani aliwagawa makundi mawili, hawa wakate matawi, hawa wachimbe, kisha wabadilishane. Hakumfokea mtu. Saa tano gari la Bwana Soksi likatupita pembeni, taratibu. Nilimpungia mkono nikiwa na kiazi.

Tulinasuka saa nane. Walikuwa wamechoka hoi, midomo imekauka. Nikaona saa ya kapteni imefika. Nikafungua mbeta za uzi mweupe, nikawagawia kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi nikanywa. Ulikuwa na kitu kinachochoma ulimi kidogo. Nikawaambia hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Wakanywa zote sita, wakalamba na vifuniko. Yonathani peke yake aliunusa, akampa Filemoni, akaenda kunywa maji ya kijito. Nikaandika moyoni kwamba hana moyo wa timu.

Tukaingia Makambako saa tisa na nusu tukiimba. Tangu Mtwango tulikuwa tunaimba. Filemoni alikuwa analia pia, kwa sababu ya uzuri wa milima.

Zawadi nikamkabidhi Anyisile mbele ya watu wote. Alipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru kwa heshima kabisa. Kisha akasema wao hawanywi kabla ya mchezo, na mbeta zote sita akawapelekea wazee waliokaa kwenye benchi. Pamoja na refa.

Kuanzia hapo nakumbuka vipande vipande. Filemoni alilikumbatia lango akakataa kuliachia. Beki wetu wa kushoto alilala kwenye kona. Winga wa kulia alikimbia vizuri sana na mpira, akavuka mstari, akavuka barabara, akapotelea sokoni. Refa alikuwa anapuliza kipenga kila anapopumua. Wao walifunga matatu, manne, kisha nikaacha kuhesabu, na kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Yonathani akaja kwangu akaniuliza kwa upole kama anaweza kuwapanga watu. Nikamwambia apange, mimi nimeshika mbele. Akamtoa Filemoni langoni, akasimama mwenyewe. Wanne walioweza kusimama wima akawaweka nyuma. Walioweza kukaa akawaketisha kwenye mstari wa goli wazibe. Baada ya hapo yaliingia mawili tu.

Na mimi nilifunga! Liandikwe hilo. Dakika za mwisho mpira ulinijia, nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ulibaki palepale. Njumu ya mzee Tarsis ilichomoka, ikaruka na maganda yake, ikampita golikipa na kuingia wavuni. Refa akapuliza kipenga akanyosha mkono katikati ya uwanja. Goli! Anyisile hakubisha. Walikuwa na saba.

Saba kwa moja, na lile moja ni langu.

Baada ya mchezo Bwana Soksi alikuja na mwavuli wake, akauliza nani aliwanywesha watu. Wote walitazama chini, na mimi nilitazama chini kuliko wote. Yonathani akajibu.

"Tumekunywa wenyewe, Bwana. Hakuna aliyetushika kinywa."

Bwana akanigeukia nitafsiri. Nikatafsiri kwa Kiingereza safi kwamba mchezaji huyu anasema kapteni hana kosa lolote na amefunga goli zuri. Bwana akamjibu Yonathani kwa Kiswahili, pole pole, bila kukosea hata neno moja.

Anakijua! Siku zote anakijua! Kutafsiriwa anapenda tu kwa heshima.

Somo la tano: mambo yakiharibika, kiongozi atafute jambo moja lililokwenda vizuri. Kwangu ni njumu.

Jumatano, 18 Machi

Mnyapara ni Yonathani.

Bwana aliniita ofisini kwanza, nadhani kwa huruma. Nikamkumbusha aliahidi kapteni. Akasema hakuwahi kusema kapteni. Alisema mwenye moyo wa kuongoza, na pale matopeni aliona watu tisa wanafuata sauti ya mmoja, na mtu mmoja anakula kiazi. Nikaeleza kwamba kiazi kilikuwa kimoja tu. Haikusaidia.

Nitaendelea kuhesabu miche, chini ya Yonathani. Ufunguo wa stoo nimeukabidhi. Wachezaji walimbeba mabegani kuzunguka kitalu. Filemoni alikuwa wa kwanza kumwinua, yule yule niliyempa ulanzi kwa mkono wangu.

Nyumbani nilimwambia Tabea kwa sentensi moja. Nilitegemea atafoka. Alisogeza beseni pale panapovuja papya, akamhamishia Enoki upande wangu wa kitanda, wenye unyevu mdogo kuliko wake yeye. Ningependa angefoka. Nilikaa mlangoni mpaka moto ukazimika, na roho iliniuma.

Jumapili, 22 Machi

Naandika haya nikiwa chini ya bati! Mvua inapiga juu kama ngoma, na hakuna tone linaloingia. Nieleze.

Jana mchana Yonathani alikuja kwetu. Nilidhani amekuja kunionyesha cheo, nikajitayarisha kwa maneno makali. Alisalimia, akakaa kwenye kigoda, akamwita Enoki akamsikiliza kifua. Halafu akatoa ufunguo, akamnyoshea Tabea.

"Dada Tabea, huu ni wako," alisema. "Mimi nakaa kwa dada yangu Idda ng'ambo ya mto, nyumba inatutosha. Mtoto huyu asilale tena kwenye maji."

Tabea aliushika ufunguo kwa mikono miwili. Mimi nikauliza, kwa utaratibu tu, kuhusu nafasi yangu mimi.

"Hilo la karani utaamua wewe, dada," alisema Yonathani.

Tabea alifikiri. Alifikiri kwa muda ambao sikuupenda. Mwishowe akasema naweza kuja, nibebe sufuria.

Kwa hiyo tumehama. Wachezaji wote walikuja kubeba vitu, hata Mama Dorika na viazi vyake. Leo ni usiku wa pili na Enoki amekohoa mara moja tu. Amelala hapa karibu yangu, kavu, mdomo wazi. Machozi yalinitoka kidogo, nikasema ni moshi, ingawa nyumba hii ina bomba la moshi.

Tabea ameniuliza kama nimemshukuru Yonathani. Nimemweleza atazame jambo hili kwa jicho la uongozi. Nilikusudia nini tangu tarehe 2? Nyumba. Tuko wapi sasa? Ndani ya nyumba. Bila mimi kuwa kapteni, Yonathani angeonekana na nani? Mimi ndiye niliyempangia mchezo. Mtu anayefikisha mambo mwisho kwa miguu ya wengine, huyo ndiye kapteni wa kweli. Tabea amevuta blanketi akageukia ukutani.

Somo la sita: mpango mzuri hufaulu hata usipofaulu.

Na nimesikia jambo. Pasaka ni tarehe 5 Aprili, na kwaya yetu itashindana na ya Makambako, palepale Makambako. Mwalimu wa kwaya amepata homa, wanatafuta wa kushika nafasi yake. Sijui kuimba, lakini kwaya nayo ni timu. Sauti za watu zitahitaji kulainishwa njiani, na ulanzi mbichi hulainisha koo vizuri kuliko asali. Safari hii sitauweka karibu na injini. Nitauweka juu ya turubai, juani, watu wote wauone.

Mbeta zangu kumi na mbili zilirudi salama. Nimeziosha zote, nimezianika nyuma ya nyumba.